Vazi la Bibi Harusi: Sitara ya Kurithi au Deni la Siku Moja?

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (SWT) aliyetujaalia mavazi kuwa sitara na pambo, na tunamtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (s.a.w.), aliyeuhimiza umma wake kuifanya ndoa iwe nyepesi.

Ndugu msomaji, miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti ni kutunza daftari la nikahi. Humo huandikwa jina la walii, majina ya mashahidi, mahari na tarehe. Hapa Isongole, katika nyanda za juu za Wilaya ya Rungwe, daftari hilo limeanza kuonesha jambo la kusikitisha: tarehe zilizofutwa na kuandikwa upya. Ukiuliza sababu, huambiwi kwamba mahari imekosekana, wala kwamba walii yuko safarini. Unaambiwa kwamba shela halijapatikana.

Mfungo Mosi uliopita, familia moja ya wakulima wa viazi iliahirisha nikahi mara mbili. Mahari ilikwisha kukabidhiwa, tena ilikuwa nyepesi. Kilichopungua ni fedha ya kukodi gauni jeupe mjini Mbeya kwa siku moja, pamoja na veli, maua ya mkononi na ujira wa mpambaji. Baba alitaka kuuza mtamba wa pekee aliyebaki zizini. Mama alikataa, mashangazi wakaingilia, na kwa wiki kadhaa binti na mchumba wake, ambao hawakuwa na kizuizi chochote cha kisheria, wakabaki wakisubiri nguo.

Makala haya hayakusudii kumlaumu binti anayetaka kupendeza siku ya harusi yake. Kupendeza siku hiyo ni haki yake, na kumpamba bibi harusi ni jambo lililojulikana tangu zama za Mtume (s.a.w.). Kusudio letu ni kuwakumbusha wazazi namna bibi zetu wa pwani na visiwani walivyowavika maharusi wao, kueleza sheria inataka nini katika vazi hilo, na kupendekeza njia ambayo msikiti mdogo kama wetu unaweza kuifuata ili asiwepo binti wa Kiislamu atakayecheleweshwa nikahi yake kwa sababu ya nguo.

Neno lililohama

Tuanze na neno lenyewe. Leo ukisema "shela" mbele ya vijana, wanaelewa gauni zima la harusi: jeupe, refu, lenye mkia wa kuburura. Wazee wa pwani walipolitamka neno hilo walikusudia mtandio wa kujifunika, yaani kile kitambaa kinachomsitiri mwanamke kichwani na usoni. Kwa hiyo jina la sitara limehamishwa likapewa gauni, na mara nyingine gauni hilo huacha mabega na mgongo wazi. Kitambaa cha kichwani nacho kimepewa jina geni la veli, nacho ni chepesi kiasi cha kuonesha kila kilicho nyuma yake.

Huenda mtu akasema hayo ni maneno tu. Lakini neno linapohama, aghalabu huwa limebeba kitu pamoja nalo. Mama aliyemwambia fundi "nishonee shela" zamani alikuwa anaagiza kifuniko. Mama anayesema hivyo leo anaagiza kile ambacho zamani kilikaa chini ya kifuniko, na kifuniko chenyewe kinasahauliwa.

Barakoa, ukaya na shiraa

Wengi wetu hudhani kwamba mwanamke wa Kiislamu wa pwani alivaa buibui jeusi tangu enzi na enzi. Sivyo ilivyokuwa. Katika karne ya 19 mavazi ya wanawake wa Zanzibar yalitofautiana kulingana na nafasi ya mtu katika jamii. Mabibi wa nyumba za Kiomani walivaa kanzu za vitambaa vya thamani, suruali za marinda, na barakoa usoni. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, aliyaeleza maisha ya majumba hayo katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka 1886.

Wanawake wa hali ya chini walijifunika kwa ukaya. Huo ulikuwa kipande kirefu cha melimeli au kaniki kilichowekwa kichwani na kuteremka mgongoni, na wenye uwezo kidogo walikipamba kwa puleki. Kaskazini zaidi, katika miji ya Lamu na Mombasa, mabibi wa koo kubwa walitembea ndani ya shiraa. Hii ilikuwa nguo pana mfano wa hema, iliyoinuliwa ili bibi apite barabarani asionekane, na walioibeba aghalabu walikuwa watumwa wake. Shiraa inatajwa hata katika wosia wa Mwana Kupona binti Msham kwa binti yake, utendi uliotungwa mwaka 1858, ambao humfundisha binti adabu za dini, za nyumba na za njiani.

Hapa pana funzo zito. Sitara ambayo Mwenyezi Mungu (SWT) aliwaamrisha wanawake wote wa waumini ilikuwa imegeuzwa na watu kuwa alama ya cheo. Bibi alisitiriwa, na mtumwa aliyemsitiri akaachwa wazi. Dini haikufundisha hivyo kamwe.

Buibui lilivyowasawazisha watu

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika miaka iliyofuata, mwanzoni mwa karne ya 20, buibui likaenea katika miji ya pwani. Inasemekana asili yake ni Hadhramaut. Lilikuwa kitambaa cheusi kilichoshonwa kama mfuko mpana, chenye kamba ya kukazia kichwani, na mvaaji aliweza kuivuta sehemu ya mbele ajifunike uso.

Wanawake waliokuwa huru kwa mara ya kwanza, na watoto wao, walilipokea vazi hilo kwa hamu. Walikuwa wamenyimwa sitara muda mrefu. Sasa waliichukua wenyewe. Barakoa ikapungua, ukaya ukatoweka, shiraa ikawekwa kabatini. Binti wa koo kubwa na binti wa aliyekuwa mtumwa wakapita njia moja wakiwa na vazi moja. Bibi harusi naye, aliyekuwa akitolewa nyumba hadi nyumba kulingana na cheo cha baba yake, akawa anafunikwa kwa buibui lile lile ambalo jirani yake maskini angelifunikwa.

Ndugu msomaji, tunapolitazama gauni la kukodi ambalo tajiri analipata na fukara analikosa, tukumbuke kwamba bibi zetu walikwisha kuushinda mtihani huo mara moja. Waliipata sitara isiyouliza jina la ukoo. Itakuwa hasara kubwa ikiwa sisi tutairudisha harusi kuwa mahali pa kupimana uwezo.

Kisutu na doti ya mama

Chini ya buibui palikuwa na kanga. Kanga nayo ina historia yake. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya leso vilivyouzwa kwa jora, wakavikata na kuviunganisha vitatu kwa vitatu ili wapate nguo moja pana. Neno leso lenyewe limetokana na Kireno, na hata leo watu wa Mombasa huiita kanga kwa jina hilo. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo zilizochapwa zikiwa nzima, zenye pindo pande zote na mji katikati. Mmoja wa wafanyabiashara hao ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyefungua duka lake mwaka 1887. Kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Hapa kwetu, kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilizifikisha kanga mpaka katika maduka ya mikoa ya mbali.

Katika kanga zote, moja ndiyo iliyopewa heshima ya harusi: kisutu. Ni kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye nakshi ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Mitindo mingine huja na kupotea kila msimu, lakini kisutu hakijaacha kuchapwa. Bibi harusi hufungwa doti yake, upande mmoja ukiwa kiunoni na wa pili kichwani kama shungi, na baada ya harusi doti ile hubaki kuwa mali yake. Ataivaa akijifungua, atambebea mtoto, na siku moja atamfunika nayo binti yake.

Tazama pia namna desturi za pwani zilivyowakumbuka wazazi kwa nguo. Zawadi ya mama wa bibi harusi iliitwa mkaja, jina la kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni baada ya uzazi. Nyingine iliitwa ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Ya baba iliitwa kilemba. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika juu ya desturi za namna hii katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyewahi kuwa Kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kitabu kidogo mahususi kuhusu ada za harusi katika Unguja. Yapo katika ada hizo ambayo wanazuoni waliyakemea kwa sababu ya gharama na israfu. Lakini wazo la msingi lilikuwa jema: nguo iliyotolewa siku ya harusi iliendelea kutumika baada ya harusi. Ilikuwa shukrani kwa tumbo lililomzaa binti na mgongo uliombeba.

Pambo ndani, sitara nje

Jambo la pili la kujifunza kwa watu wa pwani ni kwamba waliitenganisha mikusanyiko. Nikahi hufungwa baina ya walii na bwana harusi mbele ya mashahidi, aghalabu msikitini, na bibi harusi huwa nyumbani kwao. Kabla yake hupita siku za singo na hina, somo akiwa karibu na mwari wake kumfundisha adabu za unyumba. Mombasa wana siku ya kupamba, ambapo bibi harusi huketishwa juu mbele ya wanawake watupu akiwa katika uzuri wake wote: dhahabu, hina na piko, asumini nyweleni, na nguo ya rangi aipendayo. Katika harusi nyingi za huko simu za mkononi huzuiwa mlangoni, ili picha ya mtoto wa watu isizunguke mitaani. Anapotoka hapo kupita mbele ya wanaume, hufunikwa.

Mpangilio huu unaondoa ugomvi mwingi. Binti anayetaka gauni zuri apewe, alivae mbele ya mama zake, dada zake na mashoga zake. Mumewe ndiye mwenye haki ya kumwona katika pambo lake. Wanaume wengine wote, wakiwemo marafiki wa bwana harusi na mpiga picha, hawana sehemu katika hilo. Tatizo letu bara limekuja pale tulipochukua mikusanyiko yote tukaitia katika ukumbi mmoja, saa moja, mbele ya kamera moja. Hapo ndipo gauni moja linapotakiwa lifanye kazi mbili zinazopingana: lioneshe na lisitiri.

Weupe umetoka wapi?

Wapo wanaoamini kwamba gauni jeupe ni la dini ya jirani zetu, kwa hiyo ni haramu. Wapo pia, hasa jamaa zetu wa upande wa mama ambao si Waislamu, wanaoamini kwamba pasipo gauni jeupe harusi haijawa harusi. Wote wawili watazame historia. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa gauni jeupe, na baada ya hapo matajiri wa Ulaya wakamwiga, kisha dunia ikafuata. Kabla yake maharusi wa Ulaya walivaa nguo za rangi mbalimbali, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Nchini Oman, bibi harusi wa kimila hupendelea kijani. Waislamu wengi wa India huchagua nyekundu. Kisutu chetu kimechanganya rangi tatu.

Kanuni ya wanazuoni inajulikana: asili ya mavazi ni uhalali, mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Mwenyezi Mungu (SWT) katika Surat Al-A'raf aya ya 26 ametukumbusha neema ya nguo zinazofunika tupu na zinazopamba, kisha akalitaja vazi la uchamungu kuwa ndilo bora. Katika Surat An-Nur aya ya 31 na Surat Al-Ahzab aya ya 59 ameeleza wajibu wa mwanamke muumini kushusha mtandio wake juu ya kifua na kujiteremshia jilbabu. Hakuna katika aya hizo sharti la rangi. Kilichosisitizwa ni nguo kufunika, na wanazuoni wakafafanua kwamba mbele ya wanaume wasio maharimu isiwe nyepesi ya kuonesha ngozi, isibane maungo, wala mvaaji asipite akiwa amejitia manukato yanayowafikia wanaume hao.

Kwa hiyo gauni jeupe lenye mikono mirefu, bitana nzito na mtandio mpana halina tatizo. Kisutu kilichofungwa kwa uzembe, mabega yakiwa nje mbele ya wanaume, kina tatizo ingawa ni cha mila. Mila haihalalishi, na ugeni hauharamishi. Tunayemheshimu zaidi ni Yule aliyeamrisha sitara.

Na hapa Isongole baridi nayo inatoa hoja yake. Anayeijua Juni na Julai ya nyanda za Rungwe anajua kwamba gauni la lesi lisilo na mikono ni adhabu. Tumewaona maharusi wakitetemeka mbele ya wageni, mashangazi wakiwatupia masweta kila mpiga picha anapogeuka. Nguo inayositiri ndiyo nguo inayotia joto.

Kanzu ya Mama Aisha

Sasa tuje kwenye deni. Katika Sahihi ya Imamu Bukhari, katika mlango unaohusu kumwazima bibi harusi nguo, imepokewa habari ambayo kila mzazi angefaa kuijua. Mtu mmoja aliingia kwa Mama wa Waumini, Aisha (r.a.), akamkuta amevaa kanzu ya kitambaa kizito ambayo thamani yake ilikuwa dirham 5. Bi Aisha akamwonesha kijakazi wake na kueleza kwamba huyo sasa anaona haya kuivaa nguo kama ile hata ndani ya nyumba. Kisha akakumbuka kwamba zama za Mtume (s.a.w.) alikuwa na kanzu ya namna hiyo, na hakukuwa na mwanamke aliyepambwa Madina kwa ajili ya harusi ila alituma mtu kwake kuiazima.

Tuizingatie habari hii. Madina ya Mtume (s.a.w.), mji bora na kizazi bora, ilikuwa na kanzu ambayo maharusi wake waliizungusha baina yao. Nguo hiyo ilikuwa nzito na ya bei ndogo, na ilitoka katika nyumba ya Mtume (s.a.w.). Hatukusikia kwamba bibi harusi yeyote alionekana duni kwa kuvaa nguo iliyovaliwa na mwenzake wiki iliyotangulia. Wala hatukusikia kwamba nikahi iliahirishwa kwa sababu kanzu iko kwa mwingine.

Tukumbuke pia Hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya yule sahaba aliyetaka kuoa hali hana kitu. Mtume (s.a.w.) alimtaka atafute japo pete ya chuma, akaikosa. Akataka kutoa shuka aliyojifunga, akaambiwa kwamba mkewe akiivaa yeye atabaki hana nguo. Mwishowe alimuoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Jamaa yule alikuwa na shuka moja tu duniani, na ndoa haikumpita.

Kukodi nguo si haramu. Ni ijara, na ijara ni halali. Lakini mzazi anayeuza mtamba, au anayekopa kwa riba ili alipie gauni la saa sita, ameacha sunna nyepesi akabeba mzigo ambao hakuna aliyemtwika. Ng'ombe yule angempa binti maziwa kwa ajili ya wajukuu.

Sanduku la bibi harusi

Nini kifanyike? Pendekezo letu kwa misikiti midogo ya Rungwe, na kwa wote wenye hali kama yetu, ni kuwa na sanduku la bibi harusi. Lisiwekwe chini ya mikono ya wanaume. Kina mama wa msikiti ndio walichague, walitunze na kulitoa. Sisi wa kamati kazi yetu ni kuandika tu katika daftari kimetoka nini na kimerudi lini.

Ndani yake panatosha kuwekwa vitu vichache. Kwanza, gauni moja au mawili marefu, ya kitambaa kizito kama satini, yenye mikono mirefu na bitana, yaliyoshonwa kwa kamba za kukaza na kulegeza ili yamfae mwembamba na mnene. Pili, mtandio mpana unaofika kiunoni, na kingine kama shela la asili la kufunika uso kwa anayetaka. Tatu, buibui zuri jeusi la kupitia mbele ya wanaume. Nne, shali nzito kwa ajili ya baridi yetu. Fundi cherehani wa kijijini anaweza kuyashona hayo yote, na ujira ukabaki hapa hapa.

Gauni na shela viwe vya kuazimwa, lakini doti ya kisutu isiazimwe. Hiyo bibi harusi apewe iwe yake, kwa mchango wa jamaa au katika mahari yenyewe. Qur'ani katika Surat An-Nisaa aya ya 4 imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na mahari ni mali ya mke. Haifai baba kuitumia kulipia ukumbi. Mila zetu za Kinyakyusa zimezoea kuhesabu ng'ombe kwa wazazi, na jambo hilo lina mazungumzo yake marefu. Hapa itoshe kusema kwamba binti asitoke nyumbani kwao mikono mitupu hali wengine wamegawana.

Masharti ya kuazima yaelezwe mapema. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, aliyeazima hudhamini alichoazima kikiharibika, isipokuwa uchakavu unaotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Kwa hiyo gauni likichanika kwa uzembe, familia italishona. Likirudi, lirudi limefuliwa na kunyooshwa. Asitozwe mtu ada. Anayependa kuongeza kitu katika sanduku kwa hiari yake, malipo yake yako kwa Allah (SWT).

Itasemwa kwamba mabinti watakataa kuvaa nguo iliyovaliwa na wengine. Baadhi watakataa, na wenye uwezo wa kushona la kwao washone bila israfu. Lakini dawa ya haya hiyo ni wenye uwezo kutangulia. Akianza binti wa imamu, binti wa mwalimu wa madrasa na binti wa mwenye duka, hakuna atakayeliita sanduku la maskini. Kanzu ya Madina haikuitwa hivyo, kwa sababu ilitoka kwa mke wa Mtume (s.a.w.).

Kwa jamaa zetu wasio Waislamu tuzungumze nao kwa hekima. Bibi aliyetoka kanisani kumwona mjukuu wake akiolewa anataka kumwona amependeza na kuheshimiwa. Tumkaribishe katika mkusanyiko wa wanawake, amwone mjukuu wake katika pambo lake kamili, ashike mkono wenye hina, amfunge kisutu yeye mwenyewe. Akimaliza hapo hatauliza tena kwa nini bibi harusi amefunikwa anapopita nje.

Ndugu msomaji, familia tuliyoitaja hapo juu ilimaliza jambo lake. Shangazi mmoja anayeishi Tukuyu alileta gauni lake la miaka mingi, fundi akaliongeza mikono, mama akatoa doti ya kisutu aliyoitunza tangu harusi yake, na nikahi ikafungwa baada ya sala ya Alasiri. Mtamba bado yuko zizini. Kina mama walioliona gauni lile ndio walioanza kuulizana kwa nini lisibaki msikitini kwa ajili ya anayefuata.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SWT) awasitiri mabinti zetu duniani na akhera, azifanye nikahi zao ziwe nyepesi na zenye baraka, na atujaalie tuwe wepesi wa kuazimana kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.